Kisanduku cha Kumi na Nne

Kisanduku cha kumi na nne kinauliza:
Ajira ngapi zimeundwa?
Kishale kinapepesa, kinapepesa,
kama jicho la mdai aliyeketi sebuleni.

Nje, theluji ya Machi imechakaa, rangi ya jivu la jana.
Hapa Maine kaskazini, Kanada ikiwa ng'ambo ya mto,
bomba la kiwanda cha karatasi halitoi hata uzi wa moshi
tangu walipoifungua mashine namba tatu, nati kwa nati,
wakaipakia kwenye malori, wakaiuza mbali.
Zamani mji ulinuka mayai viza.
Wageni walipandisha vioo vya magari; baba akicheka:
"Vuteni pumzi, hiyo ni harufu ya mshahara."
Leo hewa ni safi
wala hakuna anayeisifu.

Mimi ndiye ninayeandika maombi ya ruzuku.
Miaka kumi na miwili nimejifunza lugha yake:
usiseme watu wamehama, sema nyumba zipo za kutosha;
usiseme tumeachishwa, sema nguvukazi yenye uzoefu;
na baridi inayopasua mabomba ya maji
iite upoozaji wa asili kwa mitambo.
Nikasifu, nikasifu, hata nikauona mji niliouandika
na kutamani kuhamia huko.

Wakaja. Mabwana wawili, viatu vyembamba,
watengeneza mbao za kuzuia baridi kwa nyuzi za miti.
Mgeni njoo, mwenyeji apone,
lakini mgeni huyu alikuja na orodha:
kiwanja bure, kodi isamehewe miaka kumi,
barabara ipanuliwe, na wafanyakazi wafundishwe
kwa fedha isiyo yake.
Tukatia saini. Mwenye kiu hapimi kikombe.

Darasa likafunguliwa kwenye shule iliyobakiwa na watoto tisini.
Rosaire Pelletier, miaka hamsini na minane,
aliyekuwa akijua kwa sikio tu, kabla ya taa kuwaka,
kwamba karatasi inakaribia kukatika,
akaketi kwenye kiti cha mtoto wa darasa la nne
na miwani ya duka la dawa,
akimwita "mwalimu" Odile Cyr
aliyempakata siku ya ubatizo.
Samaki mkunje angali mbichi, wanasema.
Huyu alikuwa ng'onda,
akakunjika hivyo hivyo, tukisikia mifupa.

Ruzuku ililipa saa mia mbili na arobaini,
buti, miwani ya kazi, hata petroli.
Haikumlipa mtu wa kukaa na mtoto wa Darlene,
kwa hiyo mtoto alikaa chini ya meza
akichora mashine zenye miguu.

Siku ya uzinduzi, mkasi mkubwa wa maonyesho
ulitafuna utepe bila kuukata.
Rosaire akatoa kisu mfukoni.
Picha hiyo haikuchapishwa.

Waliahidi mia na ishirini.
Waliajiri thelathini na mmoja,
Darlene akiwamo, zamu ya usiku.
Rosaire hawakumchukua: mgongo, walisema,
kwa barua iliyoandikwa vizuri sana.
Jana alipita ofisini, theluji ikimyeyukia begani,
kuuliza kama kutakuwa na kozi nyingine.
"Unatafuta kazi gani?"
"Sitafuti kazi," alisema. "Ile mashine
niliisikiliza miaka thelathini.
Nataka kujua ilikuwa ikisema nini."

Mwisho wa kuwasilisha ni saa sita usiku.
Naandika thelathini na moja.
Skrini inageuka nyekundu:
Namba hailingani na ahadi. Sahihisha.
Naandika tena thelathini na moja.
Nyekundu.

Ng'ambo ya reli zamu ya usiku inaingia,
gari moja moja, zikipunguza mwendo kwenye barafu.
Saba. Nane. Ile yenye taa moja tu ni ya Darlene.
Nazima taa ya ofisi
ili nihesabu vizuri.